Maneno Matatu Yaliyonenepa

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Mawingu ya Uluguru huweza kudanganya, mimi sidanganyi. Likipatikana humu neno moja la uongo, namtoa jogoo wangu mwekundu, yule ambaye akiwika, treni husimama Kingolwira ikidhani inaitwa.

Mimi na jirani yangu Kondo tulifanya kazi kiwanda kimoja mjini Morogoro. Kiwanda kilipobinafsishwa, tukarudishwa nyumbani. Mimi nikajifundisha kuandika hadithi. Kondo akaingia darasa la kisomo cha watu wazima. Alisoma polepole, kama mtu anayepanda milima ya Matombo na mkungu wa ndizi kichwani: neno moja, pumzi, neno moja, pumzi.

Mkewe, Mwaisha, alikuwa mgonjwa. Daktari alimpa kidonge cha kila asubuhi. Binti mmoja, Yasmin, mwenye duka la kuchapa kwa kompyuta, akawapangia maelezo ya dawa kwenye jedwali. Kondo akalibandika ukutani. Kisanduku cha asubuhi kilisema: "Meza kidonge kimoja baada ya kula."

Kila asubuhi Kondo alisimama mbele ya ukuta.

"Meza... kidonge... kimoja..."

Kabla hajafika mwisho, Mwaisha amekwisha kumeza. Tumbo tupu! Likamwaka moto, akatapika.

"Baba Salehe, dawa hii siitaki tena," alimwambia mumewe. "Bora nife tumbo langu limetulia."

Kondo akanijia. "Jirani, nitampoteza mke wangu kwa sababu sijui kusoma haraka."

"Humpotezi. Twende kwa Yasmin."

"Shikamooni, babu zangu," Yasmin alitupokea.

"Marahaba, mjukuu wetu. Tunataka maneno 'baada ya kula' yamrukie Kondo machoni kabla ya maneno mengine."

"Basi tutayafanya yawe na herufi nene. Jedwali lenu hili hapa kwenye kompyuta. Nisubirini kidogo, namalizana na mteja."

Kondo, maskini, hakusubiri. Akabonyeza kisanduku mara moja, akabonyeza alama ya B. Lahaula! Maneno yote yakanenepa.

"Sasa wote wanene," Kondo alilalamika. "Bwana harusi nitamjuaje?"

Yasmin akacheka. "Ukibonyeza mara moja, umekamata kisanduku kizima. Bonyeza B tena, unene uondoke. Haya, sasa bonyeza kisanduku mara mbili, haraka haraka. Unaona kijistari kinachopepesa humo ndani? Mlango umefunguka. Buruta kipanya juu ya yale maneno unayoyataka tu. Yamepata kivuli?"

"Yamepata."

"Bonyeza B. Halafu Enta. Ukitaka kuyatia rangi, njia ni hiyo hiyo."

Kondo akabonyeza. Maneno matatu yakasimama peke yake, manene, meusi tii. Mimi nilikwisha kuyajua yote hayo, ila ni adabu kumwachia kijana aeleze.

Kondo akabandika karatasi mpya aliyochapa Yasmin. Asubuhi yake alitazama ukuta mara moja tu.

"Baada ya kula! Mama Salehe, ngoja kwanza!"

Akakoroga uji. Akakaa kando ya mkewe mpaka kikombe kikaisha, ndipo akampa kidonge. Tumbo likatulia. Siku zikapita, Mwaisha akaanza tena kunigombeza kupitia uani, nikajua amepata nafuu.

Jana nilimpa Kondo karatasi hizi. Akamsomea mkewe, bila kutua mzigo njiani. Ghafla akanigeukia.

"'Kondo, maskini, hakusubiri'? Mimi? Mikono yangu ilikuwa mfukoni! Wewe ndiye uliyenenepesha kisanduku kizima, ukasingizia mashine mbovu!"

"Na ulikuwa unajua yote, eti!" Mwaisha akadakia. "Mzee Severini, jogoo yuko wapi?"

Nikamleta mwenyewe. Kondo akamchinja.

Leo asubuhi tumekunywa supu kwao. Mimi nimepewa shingo. Mwaisha amekula paja zima, amelamba vidole, kisha amenyoosha kiganja. Kondo hakutazama hata ukutani. Amempa kidonge chake, baada ya kula.