Bahasha ya Rogel

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Perlita alifungua kabati la klabu ya sataranji ya mji wa Calauag na kuhesabu kete. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ukatibu alipewa na Mzee Osting, mwanzilishi wa klabu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Ngome moja nyeusi ilipotea zamani, na nafasi yake ilishikwa na kizibo cha soda. Perlita alipanga mbao juu ya meza zilizoazimwa kanisani, akaandika kwenye kadi nani atacheza na nani, kisha akawafukuza vijana wa mpira wa kikapu, maana uwanja wenye paa walipokutania ulikuwa wa wote na kila mtu alidai ni wake.

Siku hiyo hata vijana wa kikapu waliondoka bila ubishi. Ilikuwa siku ya arobaini tangu Mzee Osting afariki, na watu ishirini na wawili walikuwa wamejiandikisha kucheza mashindano ya kumkumbuka. Lakini kwanza ingemalizwa fainali ya klabu. Picha ya mzee iliwekwa mezani, na mbele yake mkebe wa biskuti ambao Perlita hakutaka hata kuutazama.

Ndani ya mkebe kulikuwa na bahasha. Jumapili ya mwisho ya uhai wa mzee, Perlita alicheza fainali na Rogel, mtoto wa fundi baiskeli. Mshindi angekwenda Lucena kwenye mashindano ya mkoa, na Perlita aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Jioni iliingia mchezo haujaisha. Klabu nyingine zilikwisha kuacha desturi ile, ila Mzee Osting aliing'ang'ania: Rogel, ambaye zamu ilikuwa yake, aliandika mwendo wake kwenye karatasi bila kumwonyesha mtu, akaifungia ndani ya bahasha, na bahasha ikatiwa mkebeni hadi siku ya kuendelea, ili mpinzani asipate muda wa kuandaa jibu. Katibu akakabidhiwa mkebe. Hakuna aliyejali kwamba katibu huyo ndiye mpinzani, maana katibu alikuwa Perlita, na Perlita aliaminika.

Jumanne Perlita akaifungua. Gundi ilikuwa hafifu, ikaachia bila kuchanika. Alisoma mwendo wa farasi wa Rogel, kisha akachukua punje mbili za wali kwenye sahani yake, akazisaga kwa kidole na kuifunga tena, kama wafanyavyo watu wa kwao gundi inapokosekana. Jumatano asubuhi Mzee Osting akafa.

Hakufa kwa sababu yake. Moyo ulikuwa ukimsumbua kwa miaka, na Perlita alilijua hilo vizuri. Lakini Calauag husemwa kwamba marehemu haendi mbali mpaka siku ya arobaini, na siku zote hizo Perlita alimhisi mzee nyuma yake. Akiwa anaosha vyombo, akiwa darasani, alisikia kile kikohozi kifupi ambacho mzee alikitoa mchezaji anapogusa kete asiyotaka kuisogeza. Akigeuka, hamna mtu. Alikonda mpaka mama yake akamnunulia dawa ya minyoo. Na pamoja na hofu yote hiyo, aliendelea kutafuta jibu la mwendo wa Rogel, akalipata. Jambo hilo lilimtisha kuliko kikohozi.

"Haya, katibu, lete mkebe," aliita Bibi Sidra, mjane wa mzee, ambaye sasa ndiye aliyeongoza klabu.

"Unaogopa nini?" Rogel akamchokoza. "Anayekwenda kupigwa ni mimi."

"Niache, Rogel."

Bibi Sidra aliinua kifuniko, akarudisha mkono haraka. Sisimizi wadogo wekundu walikuwa wameizunguka bahasha, wamejipanga sawasawa pale ilipofungwa, na karatasi imeshaanza kutobolewa.

Watu wakasogea. Mama muuza tambi alijishika kifua. "Ni mzee," alinong'ona. "Amekuja kuona fainali yake."

"Tangu lini Osting akakosa fainali?" alisema mzee mmoja, akavua kofia. Wengine wakafanya ishara ya msalaba.

Perlita alitazama sisimizi, akatazama picha. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, wote walikuwa tayari kumbebesha marehemu kosa lake, tena kwa heshima, na kofia mkononi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Si mzee," alisema. "Ni wali. Niliifungua bahasha, bibi, nikaifunga kwa wali."

Rogel akamgeukia.

"Lini?"

"Jumanne ile. Kabla mzee hajafa."

"Kwa hiyo siku zote hizi tunakwenda shule pamoja, unajua?"

"Nilijua."

"Na mwendo wenyewe ulikuwa mbovu," alisema Rogel kwa uchungu. "Niliuona ubovu wake hata sijafika nyumbani. Ungenipiga tu, mjinga wewe."

"Labda."

"Labda nini?"

"Jibu nililitafuta siku nane. Hapa mezani, saa inakwenda, sijui kama ningeliona."

Bibi Sidra aliufunika mkebe. "Rogel ndiye atakayekwenda Lucena," alisema. "Perlita, hutacheza mashindano yoyote mpaka mwaka uishe, ila kazi ya ukatibu utaifanya. Na sisi wakubwa tulikosea. Mkebe hautakaa tena kwa mtu anayecheza, hata awe malaika."

Kisha akamvuta Perlita karibu. "Ulikuwa unamwogopa mume wangu?"

"Ndiyo, bibi. Namsikia anakohoa."

"Osting amelala, mjukuu wangu. Aliyekuwa akikufuata ni wewe mwenyewe, na ungeweza kumtuliza siku ya kwanza kwa kusema kweli. Nikwambie ubaya wa kuchungulia? Pengine ulikuwa na uwezo wa kushinda kwa akili yako. Sasa hutajua, na hakuna anayeweza kukuambia. Kufungwa kunauma wiki moja, basi. Anayedanganya hujiibia mwenyewe kwanza." Alimfuta machozi kwa kiganja. "Sasa kasome kadi. Watu wanasubiri."

Perlita alichukua kadi za mashindano ya kumbukumbu na kuanza kusoma, meza ya kwanza, ya pili. Kwenye meza ya tisa palikuwa na jina lake. Alilikata kwa kalamu mbele ya watu wote. Mpinzani wake, mvulana wa miaka kumi, akabaki akitazama kiti kitupu.

Bibi Sidra hakuwa amegusa kete tangu mazishi. Alivuta kiti kile, akakaa, akanyoosha safu ya askari wake kwa kidole.

"Andika jina langu hapo," alisema. "Endelea kusoma."