Kiti cha Kulia

Tok, tok, tok. Vibonyezo vya piano vilikuwa vinaguswa taratibu, bila muziki kutoka. Kulikuwa hakujapambazuka. Mwalimu wa piano alitoka chumbani peku. Sebuleni, upande wa kulia wa piano, alikuwa amekaa mumewe, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyumbani wiki iliyopita.

"Nani kakufungulia?"

"Mimi," mama yake alijibu kutoka jikoni. "Mtu ananyeshewa mlangoni, nimwache?"

"Ungemwacha, mama!"

Jioni hiyo walitakiwa kupiga pamoja ukumbini, piano moja, mikono minne, muziki wa bahari: mume kushoto akivumisha mawimbi mazito, mke kulia akirusha upepo na povu. Lakini ujumbe aliouona kwenye simu ya mumewe, kutoka kwa binti mmoja, mwanafunzi wake yeye mwalimu, haukumtoka kichwani: "Niko tayari kukaa kulia. Mkeo asijue."

"Kaa na huyo binti uliyemchagua. Mimi siji."

"Nilimwomba ajifunze, awe akiba tu."

"Akiba ya mke?"

"Akiba ya mkono wako."

Bila kutaka, mwalimu akauficha mkono wa kulia ndani ya shali.

"Ndivyo unavyofanya kila nikikuuliza," mume alisema. "Sehemu ya dhoruba ikianza, vidole vinachelewa. Usiku unalala umeukumbatia. Niliogopa usije ukaaibika mbele za watu."

"Ukaona bora siri yangu umpe mtu wa nje!"

"Hapo nilikosea, mke wangu. Nisamehe."

Mama akaingia na bakuli la maji ya moto, akaliweka karibu na bintiye, akarudi jikoni. Mwalimu akauzamisha mkono. Machozi yakamtoka.

"Na sasa unafanya nini upande wangu?"

"Wiki nzima najifunza sehemu yako. Tubadilishane. Mawimbi yanakwenda polepole, hayatautesa mkono, na unayajua kuliko mimi."

"Utaniharibia."

"Nitaharibu. Kaa kwanza."

Akakaa kushoto. Wakaanza. Mume akabana kiwiko ili asimguse mkono unaouma. Dhoruba ilipofika, vidole vyake vinene vikajikwaa vyote.

"Hiyo bahari au sufuria zimeanguka?" mama aliuliza.

Mwalimu akacheka, akakasirika kwamba amecheka.

"Nitapiga leo. Yule binti nitamshukuru mwenyewe. Ila wewe sijakusamehe."

"Naelewa."

Mume akachukua koti. Alipofika mlangoni, akaitwa.

"We! Kesho njoo tena."

"Kwa mazoezi?"

"Mazoezi ya nini? Njoo unione."