Wimbo Mmoja, Kisha Toka

Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Kinanda alikuwa amekwisha kufagia ua, amejaza ndoo mbili kwenye bomba la mtaani, na amekimwagilia kile kichaka cha kivumbasi kilichoota nyuma ya jiko. Kazi zote hizo alizifanya akiimba. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake, na fundi viatu wa nyumba ya pili alikuwa akijigamba kwamba yeye hahitaji saa ya kumwamsha. Alisogeza tu kitanda karibu na ukuta.

Kinanda alikuwa darasa la sita. Aliishi na mama yake, aliyefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na bibi yake mzaa mama, aliyeyajua majani kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake, watulivu na watundu. Bibi hakupiga ramli wala kufunga hirizi. Alichokuwa nacho ni sufuria kubwa, kigoda, blanketi jekundu zito, na siku yake ya mafusho.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ndogo ya majirani. Jumamosi asubuhi Bibi alichemsha kivumbasi na mchaichai, akaiepua sufuria na kuiweka katikati ya ua. Watu waliingia mmoja mmoja. Aliyeingia aliketi kigodani, akafunikwa blanketi pamoja na ule mvuke, na wengine wakamzunguka wakiimba. Wimbo ndio uliokuwa saa. Ulipoisha, blanketi liliondolewa, hata kama aliye ndani analilia kubaki. Fundi viatu aliingia na maneno akatoka na machozi, akidai kila mara kwamba amekutana humo ndani na marehemu mjomba wake, ambaye bado anaulizia kiatu alichokiacha kwa matengenezo.

Aliyeanzisha wimbo alikuwa Kinanda, na aliyesema "wimbo mmoja, kisha toka" alikuwa Bibi. Sheria yake ya pili ilihusu kichaka. Alichuma nusu ya majani tu. "Nusu yetu, nusu yake," alisema, na mafusho hayakurudiwa mpaka kichaka kivae tena, jambo lililochukua kama miezi mitatu.

Jumatatu moja, siku mbili baada ya mafusho, Kinanda alisimama mbele ya kwaya ya shule akaimba ubeti wa kwanza. Mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu asiyetoa sifa ovyo, aliishusha miwani yake. Alisema sauti hiyo imetoka kisima kipya. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kasoro siku chache kufikia mashindano ya shule, Ijumaa, na Kinanda ndiye angeongoza. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko hicho.

Njiani kurudi nyumbani alilichambua jambo hilo na rafiki yake, msichana aliyeitwa Wakili kwa kuwa hakuna ubishi uliompita.

"Ni mafusho," alisema Kinanda.

"Basi hesabu ni rahisi," alijibu Wakili. "Mara moja imekupa kisima. Ukijifukiza kila siku si utapata ziwa?"

"Bibi anasema mpaka kichaka kivae."

"Bibi yako haimbi kwenye mashindano, ndugu yangu."

Kuanzia Jumanne, kila alasiri isipokuwa Jumapili, mama akiwa kazini na Bibi amekwenda kuwajulia hali wagonjwa wake, Kinanda alichuma kiganja cha majani, akachemsha maji kwenye sufuria ndogo, akajifunika shuka la kitandani mwake. Hapakuwa na mtu wa kuimba, kwa hiyo hapakuwa na saa. Alikaa humo mpaka masikio yakavuma. Siku ya tatu alipotoka alilazimika kushika ukuta. Siku ya tano midomo ilianza kupasuka, naye akajiambia kwamba dawa isiyosumbua si dawa. Kila asubuhi yeye ndiye aliyemwagilia kichaka, na goti la Bibi halikupenda matope ya nyuma ya jiko, hivyo hakuna aliyeona kilivyokuwa kikipungua.

Alhamisi ya wiki ya pili, mara ya tisa, alichuma jani la mwisho. Kesho yake, mazoezini, alifungua kinywa, na badala ya kinanda ikatoka bawaba ya mlango usiojua mafuta. Wanakwaya walicheka, kisha walipoona macho yake wakaacha. Mwalimu alimuuliza amepatwa na nini. Kinanda alinong'ona kwamba ni vumbi la barabarani. Mwalimu akamwita Chiriku, msichana mwembamba wa mstari wa nyuma, ajifunze ule ubeti wa kwanza, ikiwa vumbi hilo halitatulia.

Jumamosi asubuhi Bibi aliamua kwenda kuona kama machipukizi yameanza. Kilio chake kilimtoa fundi viatu nje akiwa na ndara mkononi na misumari mdomoni. Kile kichaka kilikuwa kama kuku aliyekwisha nyonyolewa. Kilibaki vijiti.

Bibi hakutafuta mbali. Fundi viatu alikuwa na mbuzi watatu, na mmoja wao, mwenye doa jeupe puani, alikuwa na sifa zake. Mwaka uliopita alikula daftari la hesabu, na kabla ya hapo aliila nusu ya kofia ya mtu wa posta. Bibi alimwambia fundi kwamba ujirani una mipaka. Nusu iliyokuwa haki ya kichaka imeliwa, huenda mizizi ikafa, na watu wote watakosa mafusho kwa sababu ya mtu asiyejua kufunga kamba.

Fundi alitema misumari kiganjani. "Shikamoo kwanza, Mama."

"Marahaba. Mbuzi wako je?"

"Mbuzi wangu ni mwizi, sikatai. Lakini kivumbasi hali. Harufu yake tu humpigisha chafya."

"Kwa hiyo majani yametembea kwa miguu yao?"

Majirani walikuwa wamekusanyika, na mmoja wao alicheka. Fundi, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kucheka, safari hii hakucheka. Alikwenda akawafunga mbuzi wake kwa kamba fupi, fupi kiasi kwamba walishindwa hata kugeuka. Aliporudi alisema kwa upole kwamba kama anaonekana mtu wa kuharibu cha wengine, basi ni heri asije tena kwenye mafusho. Kisha akageuka kwenda zake.

Kinanda alikuwa mlangoni, Wakili kando yake. Wakili alimnong'oneza kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, na kunyamaza leo si kazi, maana sauti yenyewe hana. Kwa mara ya kwanza katika urafiki wao, Kinanda aliona kwamba hoja yaweza kuwa nzuri na bado ikawa mbaya. Nyuma ya ukuta mbuzi mwenye doa alilia. Ukweli ukisemwa, Bibi angejua, mwalimu angejua, na ubeti wa kwanza ungekwenda kwa Chiriku. Usiposemwa, mtu aliyemchekesha tangu alipokuwa anatambaa angepita nje ya ua wao akiwa ameinamisha kichwa.

Alimkimbilia fundi akamvuta shati. Alijaribu kusema, zikatoka pumzi. Alijaribu tena. Ikabidi fundi apige goti na kumtegea sikio, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakiuliza anasema nini, ikabidi awatangazie.

"Anasema si mbuzi," alisema fundi. Akasikiliza tena. "Anasema ni yeye." Akasikiliza, nyusi zikapanda. "Anasema amejifukiza mara tisa. Peke yake. Kwa ajili ya sauti." Alimtazama yule mtoto asiye na sauti, akamtazama Bibi, na ingawa alijitahidi sana, mashavu yalimshinda. "Mama, naona dawa yako imefanya kazi kinyumenyume."

Kicheko kilipasuka uani, hata machozi ya Kinanda yakachanganyikana nacho. Lakini Bibi hakucheka. Alimsogelea mjukuu wake, akagusa midomo iliyopasuka, akamfinya ngozi ya mkono kuona inavyorudi. Kisha akatafuta kitambaa chake cha kichwani.

"Twende zahanati," alisema. "Maji kwanza, kunywa kikombe chote. Kukuchapa sina haja, umekwisha jichapa mwenyewe."

Muuguzi wa zahanati alimmulika koo, akampima. Alisema koo limeungua kidogo kwa mvuke na mwili umekauka kwa kutoka jasho bila kurudishiwa maji. Dawa ilikuwa kunywa maji ya kutosha na kutosema hata neno moja kwa siku sita. Alimweleza Bibi pia kwamba amewahi kumfunga bendeji mtoto aliyemwagikiwa na sufuria ya namna hiyo akiwa peke yake chini ya shuka, na kwamba mwenye pumu asithubutu kuingia kabla ya kuuliza. Bibi alitikisa kichwa kukubali. Wale wanawake wawili walielewana kama mafundi wa karakana moja.

Siku sita zilizofuata zilikuwa za ajabu mtaani. Kinanda alikwenda kuwafungua mbuzi kwa mikono yake, na fundi akamhukumu kuwachunga jioni zote sita, akisema wanyama hao hawapendi nyimbo hata hivyo. Asubuhi alikipalilia kichaka na kukiwekea samadi ya mbuzi walewale waliosingiziwa. Wakili, akijua sehemu yake katika kesi hiyo, alibeba samadi bila ubishi, na watu walisema huo ndio muujiza wa kweli. Jumatatu Kinanda alimwandikia mwalimu wa kwaya ukurasa mzima, hakuacha hata lile vumbi la uongo. Mwalimu aliusoma, akaukunja, akasema Chiriku ataanzisha, na kwamba hilo halitabadilika. Kisha akaongeza kwamba ubeti wa mwisho bado hauna mwenyewe.

Ijumaa ilifika. Chiriku alianzisha kwa sauti iliyotetemeka, ikasimama, ikapaa, na Kinanda, akiwa mstari wa pili, alijikuta anafurahi kuliko alivyotarajia. Ulipofika ubeti wa mwisho alifungua kinywa kwa hofu. Sauti ilikuwa imerudi nyumbani. Walishika nafasi ya pili, na fundi viatu, aliyekaa ukumbini akiwa amevaa viatu viwili visivyofanana vya wateja, alipiga makofi mpaka akaombwa akae.

Miezi mitatu baadaye kichaka kilikuwa kimevaa tena, kibichi na kinene. Ua ulijaa watu. Bibi aliiepua sufuria, lakini kabla ya blanketi kukunjuliwa, alimwita mjukuu wake amshike mkono mbele ya wote.

"Watu huniuliza kila siku, 'Bibi, mafusho ni mara ngapi?'" alisema. "Wanataka niseme kila wiki, kila siku. Mimi huwaonyesha kichaka. Ukikivua majani kabla hakijavaa, unabaki na vijiti. Mwili nao ni hivyohivyo. Dawa inapumzisha, haimfanyii mtu kazi yake. Sauti ya huyu mtoto ilitoka kwenye mazoezi, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye ndoo na ufagio. Na tena, alipokosa, alisema ukweli ingawa ulimgharimu. Hilo ndilo lililomponya kabla ya maji na kabla ya muuguzi. Wanangu, kila dawa ina kipimo. Ukweli peke yake ndio hauna kipimo, unywe kila siku."

Kinanda alianzisha wimbo, safi kama maji ya bomba la alfajiri, na watu wakaitikia. Jirani mmoja baada ya mwingine aliingia na kutoka. Wa mwisho alikuwa fundi viatu. Wimbo ulipoisha Kinanda alilivuta blanketi, na fundi akaonekana, amelowa, macho mekundu, uso umejaa furaha.

"Mwanangu, nusu wimbo tu," alisihi. "Hata mjomba sijamuaga."

"Wimbo mmoja, kisha toka," alisema Kinanda, akianza kulikunja blanketi.

"Na kiatu chake nimwambieje?"

"Mwambie asubiri," alisema Bibi, akiigeuza sufuria kifudifudi, "mpaka majani yaote."