Mstari Uliolala

Kila alasiri, akitoka shule, Kidole alipitia zahanati kumngoja mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani, maana hakuna kitufe kilichosalimika mbele yake. Mama alikuwa mtu wa takwimu. Wauguzi waliingiza habari za wagonjwa kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta kuu, na programu ya mama ilichota humo ikachora chati. Mstari wa kuhara ukipanda, mabomba ya maji hukaguliwa.

Siku moja mama alipotoka kidogo, Kidole alifungua mipangilio ya muunganisho. Akaona maghala mawili: la kweli, na la mazoezi lenye wagonjwa wa kubuni. Akachagua la mazoezi, akachezea rangi za chati weee, mpaka aliposikia viatu vya mama. Akafunga upesi, bila kurudisha.

Juma lililofuata mama aliutazama mstari uliolala chini. "Afadhali, matumbo ya watu yametulia."

Kidole aliijua sababu. Akainamia daftari lake la shule.

Siku chache baadaye Mapengo, mtoto wa jirani aliyezoea kumdandia mgongoni, "Dada, nibebe!", alianza kuhara. Alipelekwa zahanati akiwa amelegea. Hakurudi.

Msibani, Kidole aliona akina mama wakikinga ndoo kwenye bomba la mtaa, wawape waombolezaji maji ya kunywa. Akamvuta mama mkono.

"Mama, wasiyanywe!"

"Una nini wewe?"

"Ule mstari ni wa uongo. Niliiunganisha programu na ghala la mazoezi. Nilijua, nikaogopa."

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Aliwazuia wenzake, akamwaga ndoo, akaenda zahanati na Kidole. Alipochagua ghala la kweli, mstari ulipanda kama ngazi. Kabla ya jua kuzama, fundi alikuwa amelifunga bomba. Maji machafu yalikuwa yakiingia humo kupitia ufa.

"Ningesema mapema, Mapengo angepona?"

Mama alizima kompyuta. "Sijui, mwanangu. Sitakudanganya. Mimi nami nilipaswa kukagua chati inachota wapi. Lakini kosa lako lilikuwa la kurekebisha mara moja. Ulipolificha, likaendelea kuumiza watu. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata ukitetemeka."

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Walipopita mlangoni kwa jirani, Kidole aliinama kidogo, kama alivyozoea. Hakuna aliyemdandia.