Alama ya Sikio

Huyu Luhende tunafahamiana, na si mtu wa porojo. Alikuwa kwake Nsemulwa akiandaa filamu ya wezi wa mifugo, akiiagiza akili mnemba ya kwenye simu imchoree kila tukio kabla hajashika kamera. Alipofika kwenye mauaji, picha ya kwanza akaiona baridi, haina uhai. Akaandika tena: mfugaji akatwe panga shingoni, damu itapakae mlangoni pa zizi.

Picha ikatii. Mzee kalala kifudifudi, shingo wazi kama nyama ya buchani. Lakini dume aliyesimama juu yake alikuwa na sikio la kushoto lililopasuliwa mara mbili, alama ya ng'ombe wa baba yake. Luhende hakuandika lolote kuhusu masikio. Akafuta, akaomba upya. Sikio likarudi vilevile.

Akachukua bodaboda mpaka Kakese. Baba yake, Mzee Ezekia, alikuwa mlangoni pa zizi akingoja mifugo, na wingu la mvua limeugeuza mchana kuwa giza.

“Uliiambia alama yetu?” mzee akauliza, akiitazama picha aliyoonyeshwa kwenye simu.

“Hapana, Baba. Imechora yenyewe.”

Kengele za ng'ombe zikasikika gizani, kisha zikanyamaza. Ng'ombe wakasimama mlangoni, hakuna aliyeingia zizini. Dume mmoja akamnusa Mzee Ezekia shingoni, akaparua ardhi kwa kwato. Wengine wakamzunguka mzee, wakaanza kulia kwa ile sauti nzito ya kukwama kooni, ambayo ng'ombe huitoa mahali palipomwagika damu ya mwenzao, ingawa pale hapakuwa bado na hata tone la damu.