Gari Lililomtoa Baba Kitini

Nilipokuwa darasa la sita, kila nikirudi shuleni nilifanya mambo matatu: nilivua viatu mlangoni, nilimsalimia baba, kisha nilitazama kama amehama kitini. Viatu nilivivua. Baba aliitikia. Kitini hakuwa amehama.

Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo. Siku moja aliteleza juu ya shehena akifunga turubai, akaanguka na kuvunjika mguu chini ya goti. Alikaa na plasta miezi mitatu. Ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba na umepauka, utadhani wa mtu mwingine. Hospitali ilimpa magongo mawili na karatasi yenye picha za mazoezi. Mama aliibandika karatasi ile ukutani, mkabala na kiti. Baba aliitazama kama mtu anavyotazama picha ya mkwe asiyempenda.

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri akiwa na unga kwenye nyusi. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Umetembea leo, baba watoto?"

"Nimetembea."

Mimi nilijua hakutembea. Magongo yalikuwa palepale nilipoyaona asubuhi, na buibui alikuwa ameshaanza kutanda utando kati ya moja na jingine.

Kila baada ya wiki mbili alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, mama mnene mwenye sauti ya kengele. Tulimwita Bi Nyoosha, kwa sababu tangu aingie mpaka atoke alikuwa akisema, "Nyoosha! Kunja! Nyoosha tena, huo mguu ni wako, hukuazimwa!" Siku moja, kabla hajafika, baba aliniita kwa sauti ya chini.

"Akikuuliza, mwambie tunatembea mpaka barabarani kila jioni."

"Lakini baba..."

"Ni neno dogo tu, mwanangu. Leo sitaki makelele."

Nikalisema neno hilo dogo. Bi Nyoosha akaliandika kwenye daftari lake kubwa, akatabasamu. "Vizuri sana. Mkiendelea hivyo, nikija tena tutaacha gongo moja."

Siku hizo nilikuwa na shughuli zangu. Watu waliniita Bisibisi, maana hakuna kitu chenye skrubu kilichokuwa salama nikiwa karibu. Binamu yangu alikuwa amenipa gari lake la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti. Kwenye sakafu lilikimbia kama mwizi. Lakini nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na rundo kubwa la mawe, masalia ya jengo ambalo mwenyewe aliliacha njiani, na pale gari lile halikufua dafu. Likigusa jiwe tu, linapinduka. Kwenye gazeti kuukuu nilikuwa nimeona picha ya gari dogo lenye matairi makubwa likipanda mwamba. Nikaapa kuwa nitatengeneza la namna ile. Nililivunja gari la binamu, nikatunza vipuri vyake: mota, gia, na redio inayounganisha gari na rimoti.

"Mota hiyo ya mbio haipandi jiwe," baba alisema kutoka kitini, bila kuulizwa.

"Kwa nini, baba? Mbona ina nguvu."

"Ina mbio. Mbio na nguvu si ndugu wa tumbo moja. Nikiwa na tani ishirini mlimani, unadhani natia gia ya ngapi?"

"Ya nne?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipoanguka. "Gia ya kwanza, mwanangu! Tunapanda mpaka konokono anatupita na kutupa pole."

Kesho yake nikaenda kwa seremala, jirani yetu, akanipa drili yake ya betri iliyovunjika kasha. Ndani mota ilikuwa nzima, pamoja na gia zake. Ilizunguka polepole, lakini ukiishika kwa vidole unatoa machozi. Baba aliigeuzageuza mkononi. "Hii sasa ndiyo farasi," akasema, na kwa mara ya kwanza akaniomba nimsogezee kiti mezani.

Hata leo nikinusa gundi ya mpira, naiona meza ile. Fremu tuliikata kutoka kwenye vipande vya alumini vya dirisha. Baba alishika, mimi nikakata kwa msumeno wa chuma, na jirani wa ukuta wa pili akalalamika kuwa tunamng'oa meno. Matairi tuliyatengeneza kwa soli za kandambili, tukayavisha mpira wa ndani wa baiskeli. "Tairi la mawe liwe laini," baba alisema. "Lisilipige jiwe, lilikumbatie." Ekseli ya mbele tuliishika kwa bolti moja tu katikati, ili gurudumu la kulia likipanda, la kushoto liweze kubaki chini. Nilipotaka kutumia difu ya gari la binamu, kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, baba alitikisa kichwa.

"Ifunge kabisa. Gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu yote itakimbilia huko, nalo la pili litakaa tu kama mgeni. Ukiifunga, yote mawili yanakwenda pamoja."

Betri niliiweka juu, kwa kuwa ndipo palipokuwa rahisi. Tukajaribu juu ya mito ya kochi. Gari likapinduka, likalala chali kama kombamwiko.

"Kwenye lori mzigo mzito unakaa wapi?" baba akauliza.

"Chini."

"Sasa wewe mbona umemtwika mwenzio kichwani?"

Tukaishusha betri. Gari likapanda mto wa kwanza, likasita, likapanda wa pili. Lilikwenda likijipima kila hatua, likiyumba mbele na nyuma, tukaliita Kinyonga. Mama alipotukuta tumeinamia meza, vumbi la alumini limejaa mpaka kwenye sukari, alifungua mdomo agombe, akaufunga. Alivuta kiti akakaa kutuangalia.

Bi Nyoosha alirudi. Aliuminya mguu wa baba, akakunja uso. "Mguu uliotembea wiki zote hizi ungekuwa umejaa kidogo." Akanigeukia. "Mnatembea kweli?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Tunatembea, shangazi."

"Haya. Mimi nawaamini nyinyi, siwezi kulala hapa kuwalinda." Akaondoka na gongo moja.

Jumamosi tulimtoa Kinyonga nje. Baba alikaa kwenye mlango wa nyuma na rimoti yake, mimi nikasimama kwenye mawe. Kinyonga aliondoka vizuri, akavuka uwanja, kisha akasimama kabla hajaligusa hata jiwe moja. Nikamrudisha karibu, akaenda tena. Hatua kumi na mbili, akasimama. Redio haikufika mbali zaidi ya hapo.

"Mpelekee Fundi Mawimbi," baba alisema kwa huzuni. "Aangalie waya wake."

Fundi Mawimbi alikuwa mzee mmoja aliyetengeneza redio kwenye kibanda chake kando ya barabara. Alitazama ndani ya rimoti, akacheka. "Waya wa antena umeachia, Bisibisi. Nikiugusa kwa risasi ya kuungia dakika mbili tu, utaliendesha gari lako ukiwa hapa nalo liko kwenu. Niuunge?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Hapo nikamwona baba kwenye mawazo yangu, amekaa mlangoni na rimoti mkononi, leo, kesho, na mwaka kesho.

"Acha kwanza, babu," nikasema. "Nitarudi."

Nyumbani nikamwambia baba, "Fundi amesema haitengenezeki. Anayeendesha lazima alifuate gari."

Baba alimtazama Kinyonga pale uwanjani. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hilo gongo."

Siku ile alitembea hatua saba, jasho likimtiririka. Kesho yake kumi na tano. Wiki ilipokwisha alikuwa akivuka uwanja wote, akilifokea gari kana kwamba ni utingo wake: "Kata kushoto! Taratibu! Sasa panda!" Watoto wa jirani walikuja kutazama. Mama alisimama dirishani na unga wake, akajifanya anapangusa jasho, lakini niliona vizuri alichokuwa anapangusa. Nami nilijiona mjanja kuliko daktari. Nilijiambia kwamba uongo wangu ulikuwa wa dawa.

Siku ya tisa, Kinyonga alifika kwenye rundo la mawe. Alipanda la kwanza, akajikunja, akapanda la pili. Watoto wakapiga kelele. Alipofika kileleni mwa jiwe kubwa, redio ikakata, akasimama pale juu akining'iniza gurudumu moja.

"Ngoja nimchukue, baba!" nikasema.

"Thubutu! Dereva haachi gari mlimani." Akaweka gongo lake juu ya jiwe, akapanda. Akapandisha mguu mzima, kisha ule mbovu. Jiwe likacheza. Mguu ulitakiwa kumshikilia kwa sekunde moja tu, nao haukuweza. Baba akaanguka ubavu, rimoti ikaruka, na sauti aliyoitoa sitaki kuikumbuka.

Seremala ndiye aliyetupeleka hospitali. Mguu ulikuwa umevimba, unang'aa kama mbilingani. Baba aliingizwa chumba cha eksirei. Mimi na mama tukabaki kwenye benchi la ukutani, mama akinishika mkono na kusema, "Si kosa lako, mwanangu, si kosa lako," na kila aliposema hivyo nilizidi kuinamisha kichwa.

Bi Nyoosha alikuja mbio kwenye korido, picha mkononi. "Mfupa mzima. Ni mshipa uliotenguka tu. Mungu ni mwema." Tukamfuata wodini, naye akasimama mbele ya kitanda cha baba, amejishika kiuno. "Ila sielewi. Mguu wa wiki sita za mazoezi hauwezi kuangusha mtu kwenye jiwe la kufika gotini. Nimekosea wapi mimi?"

Hapo ndipo nilipoangua kilio. Nilisema yote, waya ulioachia, dakika mbili za risasi, na maneno ambayo Fundi Mawimbi hakuyasema kamwe. "Nilitaka utembee, baba. Kama ungejua unaweza kuendesha ukiwa umekaa, usingeinuka. Na usingepanda lile jiwe."

Nilingoja anifokee. Baba aliangalia dari, kisha akamwangalia Bi Nyoosha.

"Hujakosea popote, dada. Zile wiki za mwanzo sikutembea hata hatua moja. Nilikudanganya, na nikamtuma huyu mtoto anisaidie kukudanganya. Ungejua, usingeninyang'anya gongo."

Mama alituangalia, baba kisha mimi, mimi kisha baba. "Kumbe naishi na waongo wawili," akasema. "Mmoja hatembei na anasema anatembea, mwingine anatembeza watu kwa hila." Alitaka kuwa mkali, lakini sauti ilimtetemeka, akaishia kulia na kucheka kwa pamoja.

Baba akanivuta karibu. "Sikia, Bisibisi. Wewe ulidanganya kwa kunipenda, mimi nilidanganya kwa uvivu. Lakini jiwe halikuuliza nani alikuwa na nia njema. Ungeniambia, 'Baba, waya unatengenezeka, ila mimi sitaki kuutengeneza mpaka utembee,' ningekasirika siku nzima. Kesho yake ningeinuka. Na la kwanza nilianza mimi. Nilikwambia ni neno dogo tu. Nisamehe."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha kabla ya siku ile. Nikamfuta jasho la paji la uso kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata Fundi Mawimbi aliunga waya, akiguna kwamba kazi ya dakika mbili imechukua zaidi ya wiki mbili. Kinyonga sasa alitii kutoka mwisho wa uwanja, hata zaidi. Baba angeweza kumwendesha akiwa amekaa mlangoni, na siku za mwanzo, mguu ulipokuwa bado umefungwa bandeji, alifanya hivyo. Uvimbe uliposhuka alisimama mwenyewe, magongo mawili kwapani, lile la pili Bi Nyoosha akiwa amemrudishia, akaanza upya kutoka hatua ya kwanza. Alinitaka nihesabu kwa sauti. Siku alizotembea hatua tano, tulisema tano.

Bi Nyoosha alipokuja, alifungua daftari lake ukurasa mpya.

"Haya. Jana umetembea hatua ngapi?"

Baba alijikuna kisogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mimi nimekaa sakafuni na bisibisi yangu. Sote tulimtazama.

"Jana sikutembea," baba alisema. "Mguu haukuuma wala nini. Nilishikwa na uvivu tu."

Bi Nyoosha aliandika, akalifunga daftari, akacheka ile sauti yake ya kengele mpaka bega la baba likatikisika chini ya mkono wake.

"Nilikuwa nakuja hapa kutibu mtu aliyeandikwa kwenye daftari, nawe ukabaki na mguu wako mbovu," alisema. "Dawa haifiki kwa mtu aliyejificha. Leo ndiyo kwanza nimempata mgonjwa mwenyewe. Haya, nyoosha!"

Na baba akanyoosha.