Subira ya Mlinzi

Simu ya Haraka iliita akiwa amesukwa nusu kichwa.

"Mwanangu," sauti ya mwanamke mtu mzima ilisema, "mvua inakuja. Anua nguo."

"Zote, Shangazi?"

"Zote. Sasa hivi."

Simu ikakatika.

Yule hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa Idara ya ujasusi, na ndani ya Idara maneno ya nguo na mvua yalikuwa na maana moja tu: acha chochote unachofanya, watu watakufa.

Msusi alibaki na chanuo mkononi. Mteja wake alikuwa ameshasimama, upande wa kulia misuko myembamba, upande wa kushoto nywele timutimu. Alimwahidi kwamba angerudi. Msusi akataka kujua mtu anakatizaje mji na kichwa cha namna ile, lakini kofia ya pikipiki ilikuwa imeshavaliwa na Yamaha ilikuwa imeshanguruma.

Kwenye karakana ya reli walimwita Haraka, kwa sababu alikula chakula cha mchana akiwa amesimama. Mwaka mzima alikaa kati yao, mwandishi wa programu kama wenzake, isipokuwa kwamba wenzake hawakufunga bastola ya Walther kwenye kifundo cha mguu chini ya suruali. Kazi yake ilikuwa moja. Kulikuwa na wageni waliotaka kumnunua mtu pale karakana, na Idara ilitaka kumjua mtu huyo kabla hajanunuliwa.

Kumpenda mtu hakukuwa sehemu ya kazi.

Alimpenda.

Walimwita Taratibu, mwandishi mwenzake wa programu. Alifikiri kabla ya kusema, na alipokwisha kusema akafikiri tena. Jumapili, jikoni kwake, chai ikifurika na kuzima moto bila yeyote kujali, alimwomba wafunge ndoa. Haraka alimjibu ampe muda. Jasusi haolewi kimyakimya, lazima Idara ijue kwanza, na hilo hakuweza kumweleza. Tangu siku hiyo alitembea na ile ndiyo mdomoni kama mtoto aliyeficha pipi. Ruhusa ilikuwa imetoka asubuhi hii. Jioni angempa jibu.

Ndiyo maana alikwenda kusukwa.

Shangazi alirudi, safari hii kupitia kifaa cha sikioni. Alizungumza bila kupumzika. Mjumbe wa wale wageni alikuwa amekamatwa uwanja wa ndege. Ndani ya kisigino cha kiatu chake kulikuwa na kadi, na ndani ya kadi kulikuwa na programu ya breki mpya, kama ilivyowekwa jana kwenye treni ya abiria. Treni ilikuwa njiani. Mabehewa yalijaa.

"Nakutumia. Isome."

Haraka aliegesha chini ya daraja na kufungua simu.

Breki zile ziliandikwa kwa Ada. Ada ni lugha kavu ya kompyuta, haina utani. Ndani yake unaieleza kompyuta kila kazi ianze lini na mwisho wake ni lini. Dereva akikanyaga breki, jibu lazima lije kabla hajapepesa jicho. Jibu sahihi likichelewa linahesabiwa kosa. Haraka alifundishwa hilo chuoni na mwalimu aliyefunga mlango kengele ikiwa bado inalia.

Lakini katikati ya Ada mtu alikuwa amepachika kipande cha lugha nyingine. Lugha laini, tamu kuiandika, nzuri kwa michezo ya simu. Ila ina tabia yake. Kumbukumbu ikijaa, husimamisha kila kitu ili ifagie nyumba. Kwenye simu wala hutambui.

Kwenye treni inayoshuka mlima utatambua.

Hakukuwa na kirusi. Hakukuwa na bomu. Kila mstari ulikuwa sahihi. Baada ya ajali wachunguzi wangesoma hadi macho yawaume, kisha wangesema vijana wetu hawajui kutengeneza breki, reli ipewe wageni.

Akashuka hadi chini kabisa ya programu, akitafuta saa ya usalama.

Alikuta neno moja: Mlinzi.

Mlinzi ni saa ndogo iliyo pembeni. Programu lazima impigie hodi kila mara. Asiposikia hodi hangoji maelezo. Hukata umeme, na breki hujifunga zenyewe. Sasa mtu alikuwa amemwongezea subira. Mlinzi aliyetakiwa kushtuka papo hapo alikuwa amefundishwa kungoja, na kungoja, wakati lugha laini inafagia.

Karakana nzima iliandika majina ya programu kwa Kiingereza. Mtu mmoja tu aliyaandika kwa Kiswahili, na walimtania kwamba anaandikia kompyuta ya bibi yake.



"Ni nani?" Shangazi aliuliza.

"Namjua."

"Nimekuuliza ni nani."

"Ni wangu, Shangazi."



"Pole, mwanangu. Endesha."

Chumba cha mawasiliano cha karakana kilikuwa ghorofa ya pili. Haraka alipanda ngazi akiziruka, bastola mkononi. Aliusukuma mlango kwa bega.

Taratibu alikuwa mbele ya skrini, begi la safari miguuni. Kando yake alisimama mgeni wa miwani myeusi, yule aliyejulikana pale kama mshauri wa ufundi. Mgeni aliingiza mkono ndani ya koti.

Kofia ya pikipiki ilimfikia kwanza.

Ilimpiga usoni. Bastola yake, yenye kiwambo cha kuzuia sauti, ilikohoa mara moja na kutoboa dari. Goti la tumbo. Kiwiko cha shingo. Akaanguka kama gunia, na Haraka akamfunga mikono kwa waya wa kompyuta.

Kwenye redio dereva wa treni alikuwa akiita. "Niko kwenye mteremko. Nakanyaga, haishiki. Ikishika, inaachia."

Treni ile haikuwa na breki nyingine nje ya kompyuta. Mlinzi ndiye aliyekuwa breki ya mwisho. Subira yake ingeweza kupunguzwa kutoka hapa, kwa redio, lakini kwa neno la siri la mwandishi wake tu.

"Andika," Haraka alisema.

Taratibu aliitazama ile Walther, kisha kichwa kilichosukwa nusu. Alisema wageni waliapa hakuna atakayekufa. Treni ingekipitiliza kituo kwa hatua chache tu, aibu itokee, basi. Haraka akamwonyesha skrini ya kituo. Jukwaa la kituo cha mwisho, chini ya mlima, lilikuwa limejaa watu na mizigo. Mwanamke mmoja alikuwa akimfunga mtoto kamba za viatu.

"Miezi yote hiyo walinipigia, nikawakatalia," alisema Taratibu. "Jumapili ukasema nikupe muda. Nikajua ni hapana. Nikaona hapa sina tena cha kubakia."

"Andika."

"Nijibu kwanza."

Dereva aliita tena. Sauti ilikuwa imepanda.

Haraka alishusha bastola.

"Ndiyo," alisema. "Ilikuwa ndiyo tangu Jumapili."

Taratibu alifumba macho. Kisha akageukia kibodi, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, vidole vyake viliharakisha. Neno la siri likaingia. Subira ya Mlinzi ikarudi ilivyokuwa.

Huko mlimani lugha laini ilisimama kufagia.

Mlinzi hakusikia hodi.

Breki zilijifunga, behewa kwa behewa, na redio ikajaa mlio wa chuma. Kisha dereva, akihema. "Imesimama. Naliona jukwaa. Imesimama."

Haraka alitoa pingu. Taratibu alinyoosha mikono mwenyewe, bila kuambiwa.

"Ile ndiyo," aliuliza polepole, "ilikuwa ya kazi au ya kweli?"

Pingu ililia. Vijana wa Idara walikuwa wameshafika ngazini. Haraka alikuwa nalo jibu, lote, mdomoni, pale pale lilipokuwa tangu Jumapili. Alimtazama akishushwa. Land Cruiser nyeusi iliondoka na taa zake za nyuma zikapotea langoni.

Aliokota kofia na kuipangusa kwa mkono wa shati.

"Nguo?" Shangazi aliuliza sikioni.

"Zimeanuliwa."

"Zote?"

"Zote. Ila zimelowa."

Akaizima simu. Aliwapita wenzake wa karakana waliokuwa wakinong'ona uani, akawasha Yamaha na kuondoka bila kukimbia.

Msusi alimkuta mlangoni mwake, kofia kwapani. Hakuuliza alikokuwa. Alimkalisha mbele ya kioo, akashika msuko wa kwanza, akayaona yale macho, akauachia.

"Dada," alisema, "tuendelee, au tufumue?"

Haraka alijitazama, nusu hii na nusu ile.

"Fumua."